Mvinje Uliovaa Mnara

Jalada lilikuwa jembamba mno kwa mtu mzima na masharubu yake. Karatasi nne, basi. Inspekta Silima Jecha alizitandaza juu ya meza yake katika kituo cha polisi cha Wete, asubuhi ya Jumatano, tarehe 18 Februari 1959, akazisoma kwa mara ya tatu. Nje ya mlango, kwenye benchi la mashahidi, mke wa mtu huyo aliyepotea alikuwa amekaa tangu saa moja, na Inspekta hakuwa na jipya la kumwambia. Kwa hiyo alijifanya anasoma, jambo ambalo askari wa cheo hujifunza mapema kuliko kupiga saluti.

Karatasi ya kwanza ilikuwa maelezo ya nahodha Bakar Soud, mwenye boti ya mashine iitwayo Mwanawema, jina la marehemu mama yake. Kazi ya Bakar ilikuwa kuwachukua wageni kwenda kurambaza katika mkondo wa Pemba. Kila kaskazi Wazungu walikuja kutoka Nairobi na Tanga kutafuta nduwaro, samaki mkubwa mwenye pua ndefu, ambaye akinasa huweza kumtoa mtu jasho nusu siku nzima. Mgeni hukaa kwenye kiti na ufito wake wa kuvulia, nahodha humpeleka penye samaki, na baharia mmoja husimama nyuma ya boti. Mwisho wa mshipi, karibu na ndoana, hufungwa pande la waya. Samaki akichoka na kusogea, baharia huukamata waya ule kwa mikono na kumvuta ubavuni.

Baharia wa Mwanawema aliitwa Duni Hija, umri miaka ishirini na sita. Yeye na Bakar walikuwa watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Na Duni ndiye aliyepotea.

"Siku ya Jumanne, tarehe 3 Februari," yalisema maelezo ya Bakar, "tulirambaza upande wa Kigomasha. Wakati wa alasiri, mvinje ulipovaa mnara, tulikutana na jahazi liendalo Tanga. Duni akaniambia anataka kwenda Tanga kutafuta kazi. Nikasogeza boti ubavuni, akapanda. Jina la jahazi sikulishika."

Karatasi ya pili ilikuwa ya mgeni mwenyewe, Bwana Tarrant, mistari mitatu ya Kiingereza: baharia alihamia chombo cha wenyeji kwa hiari yake. Alitia saini, na kesho yake akaondoka Pemba. Ya tatu ilikuwa telegramu kutoka Tanga: mtu wa jina hilo hajulikani. Ya nne ilitoka kwa kadhi, kwa mwandiko mzuri ajabu. Mwatum binti Hamad ameuliza hali ya ndoa yake. Ikiwa mumewe yu hai na amesafiri, yeye ni mke wa mtu na asubiri. Ikiwa amekufa, ni mjane na akae eda. Kadhi hawezi kumwambia ni lipi kati ya hayo mawili mpaka polisi wathibitishe.

Silima akalifunga jalada. Akamwita.

Mwatum aliingia, akakaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama ishirini na mbili, mwenye sauti ya chini.

"Sabalkheri, bwana."

"Sabalkheri, bibi. Bado tunatafuta."

"Ndivyo mlivyonambia Jumatatu."

"Ndivyo." Silima alikohoa. "Nataka nikuulize neno ambalo sikukuuliza. Mlikuwa mmegombana?"

Mwatum aliinamisha uso. "Asubuhi ile alipotoka. Kwa ajili ya mchuzi wa jana yake. Kasema chumvi imezidi. Nami nikamwambia, nenda kakae chumbani kwa mamaako, yeye ndiye ajuaye chumvi yako. Akachukua mfuko wake akatoka. Hata kuaga hakuaga."

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu, bwana. Lakini mkwe wangu kalisikia. Nakaa nyumbani kwake, ukuta mmoja. Tangu siku ile hasemi nami wala hali nilichopika. Anasema nimemfukuza mwanawe." Sauti ikamtoka kwa nguvu kidogo. "Mjini wanasema kaniacha. Kama kaniacha, basi aniletee talaka yangu nijijue. Na kama kafa nijijue. Mie sasa si mke, si mjane, si mtalaka. Nikienda kuteka maji, wenzangu wananyamaza. Nambie mie ni nani, bwana, basi. Sitaki jingine."

Silima alimwahidi kwamba atamwambia. Alipokwisha kuahidi ndipo alipojiuliza atampata wapi mtu wa kumwuliza.

Mwanamke alipoondoka, alimwita konstebo Suud. Kijana huyu alizaliwa Shumba Mjini, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla mkubwa wake hajamaliza kusema. Silima alikuwa mtu wa Ng'ambo, Unguja mjini. Bahari aliijua kwa kuitazama. Wapemba walimtambua mara tu alipofungua mdomo, na Suud hakuacha kumkumbusha.

"Mvinje ulipovaa mnara," Silima alisoma. "Maana yake nini?"

Suud alicheka. "Ndio namna yetu ya kujua tulipo, Inspekta. Huko nje hakuna barabara. Unatazama pwani, unashika vitu viwili. Pale Kigomasha upo mvinje mrefu mbele ya mnara wa taa. Ukisogea na chombo, kuna mahali pamoja tu ambapo mnara unakaa juu ya kilele cha mti, kama mti umevaa kofia. Hapo mvinje umevaa mnara. Ukipita kidogo, umevua."

"Na mahali hapo kila mvuvi anapajua?"

"Hata bibi yangu anapajua, na yeye hapandi hata ngalawa."

Silima alichukua kofia yake. Kama jahazi na boti zilisimama ubavu kwa ubavu mbele ya mnara wa taa, mchana kweupe, basi mlinzi wa mnara ana macho.

Walikwenda kwa gari la abiria mpaka Konde, na hapo wakangoja gari jingine kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe. Suud alitumia muda huo kunywa chai na kusikiliza. Alirudi amechangamka.

"Inspekta, kesi imekwisha. Mwuza vitambaa pale anasema Duni ana mwanamke Tanga. Jina analo, na mtaa anaujua."

"Kamwona?"

"Kaambiwa."

"Na aliyemwambia kamwona?"

Suud alifikiri. "Naye kaambiwa."

"Basi nenda ukamalize chai yako."

Hata hivyo maneno yale yalimkaa Silima. Kwenye baraza tatu za Konde habari ilikuwa moja, na kila alipoiuliza ilikuwa imenenepa: mwanamke, halafu mwanamke na mtoto, halafu mwanamke na watoto wawili. Alisikitika kwa ajili ya Mwatum. Hakuna mtu aliyekuwa na ubaya naye. Walikuwa wakipitisha muda tu, na yeye ndiye aliyekuwa akilipa kwa fedheha.

Mlinzi wa mnara wa Kigomasha, Mzee Khatib, aliwapokea kwa heshima zote na madafu mawili. Alikuwa mtu wa taratibu. Kila kilichopita mbele ya mnara alikiandika katika daftari, hata kama hakuna aliyemwagiza.

"Jumanne, tarehe tatu," Silima alisema. "Alasiri. Jahazi, likielekea Tanga."

Mzee Khatib alitia miwani, akafunua. "Lipo. Jahazi moja, saa tisa na nusu, tanga lenye kiraka."

Suud alimtazama mkubwa wake kwa furaha. Silima mwenyewe alihisi moyo umemshuka. Ilikuwa ni kweli, basi. Mtu amepanda jahazi, amemwacha mkewe kwa chumvi ya mchuzi.

"Na boti ya Bakar Soud? Mwanawema?"

"Hiyo sikuiandika."

"Yawezekana ilipita hukuiona?"

"Yawezekana. Alasiri naswali kama watu wengine, bwana."

Hapakuwa na zaidi. Silima alitoka nje, akatafuta mahali pa kukaa avue kiatu kilichoingia mchanga. Alikaa kwenye kisiki. Kilikuwa kipana, cha kutosha watu wawili, na kilipomgusa kwenye suruali kilimwachia utomvu. Alisimama akajitazama nyuma, akamtazama Suud aliyekuwa akiyatafuna mashavu yake ili asicheke, kisha akakitazama kisiki.

"Mzee Khatib. Mti gani huu?"

"Ulikuwa mvinje, bwana. Ulirefuka mpaka ukaanza kuziba taa upande wa bahari. Mafundi walikuja wakaukata."

"Lini?"

Mzee akaingia ndani, akatoka na daftari. "Jumapili, tarehe mosi Februari. Kabla ya adhuhuri. Ulianguka kwa kishindo, mbuzi wangu wakakimbilia Makangale."

Suud alikuwa ameacha kucheka. "Basi Bakar kasema uongo," alinong'ona. "Jumanne mti haukuwapo. Na majahazi ya Tanga hupita hapa kila mara."

"Polepole. Mahali pana jina lake, hata mti ukiondoka. Nyumbani kwetu kuna kituo tunakiita Mkungu Mmoja, na mkungu wenyewe aliukata babu yangu. Nikimwuliza Bakar ofisini, atanambia hivyo, na nitakuwa sina jibu." Silima alipangusa utomvu kwa kitambaa, akauzidisha. "Lakini kama alifika hapa Jumanne ile, amekwisha kuona kwamba mti haupo. Kama hakufika, hajui. Tangu siku ile boti yake iko mchangani, na mwezi mzima kabla yake ilikuwa ikipakwa rangi. Kesho atatupeleka yeye mwenyewe. Wewe, mdomo wako uushone."

Alhamisi waliondoka Wete mara baada ya alfajiri. Bakar Soud alikuwa mtu mnene wa miaka arubaini na kitu, mwenye adabu, asiye na maneno mengi. Alimwekea Silima mto kwenye kile kiti cha wageni, akamwomba radhi kwa harufu ya mafuta. Hakuuliza wanakwenda kufanya nini. Silima alimwambia anataka kupima umbali mpaka pwani kwa ajili ya jalada, na Bakar akaitikia, "Haya, bwana," kama mtu aliyeambiwa apitishe chumvi.

Walipotoka katika mlango wa Fundo, kati ya visiwa, boti ilianza kuinuka na kushuka. Hapo Bakar aligeuza uso upande wa pili na kuusoma mwambao kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Silima aliliona hilo, ingawa wakati huohuo alikuwa na shughuli kubwa na chai yake ya asubuhi, iliyotaka kurudi. Ilirudi. Suud alimshika mkanda kwa nyuma kwa uaminifu mkubwa na kumshauri atazame mbali.

Alipopata nafuu, aliomba kuona vifaa vya kazi. Bakar alimwonyesha sanduku kwa kidole. Ndani mlikuwa na ndoana, mizunguko ya waya, koleo, na glovu moja ya ngozi, ya mkono wa kulia, iliyochanika kiganjani.

"Ya nani?"

"Ya Duni. Ya kushikia waya."

"Na mwenzake?"

Bakar aligusa usukani. "Labda kaondoka nayo."

"Mtu anahamia Tanga, anachukua glovu moja ya kushoto?"

"Sijui mie, bwana. Alikuwa na haraka."

Silima aliirudisha glovu sandukuni. Kwa muda wa saa mbili walikwenda hivyo, mashine ikinguruma. Hatimaye mnara wa Kigomasha ulichomoza mbele, mweupe, umesimama peke yake.

"Nahodha, nipeleke pale pale uliposimama na jahazi. Hatua kwa hatua, kama siku ile."

Bakar alipunguza mwendo. Alisimama wima, mkono juu ya usukani, akaanza kuisogeza boti taratibu huku macho yakiwa ufukoni. Akasogea. Akakunja uso. Akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua, akasogea tena. Kisha akageuza boti akarudi alikotoka, sasa polepole zaidi, na shingo ameinyoosha. Suud aliuma midomo. Silima alimtazama nahodha na hakuutazama mnara hata mara moja.

"Mvinje u wapi?" Bakar alisema.

Hakumwuliza mtu. Ilimtoka tu.

"Zima mashine," Silima alisema.

Ikazimwa. Maji yakasikika yakipiga ubavu wa boti.

"Waliukata Jumapili, tarehe mosi. Siku mbili kabla ya Jumanne yako. Kama ungalikuwa hapa siku ile, ungalikuwa umekwisha kuutafuta na kuukosa. Umeutafuta leo, nahodha, mbele yangu, kwa mara ya kwanza."

Bakar alikaa chini juu ya sanduku. Alikuwa bado anatazama pwani.

"Kaukata nani?"

"Mafundi wa mnara."

"Mvinje ule kanionesha babaangu," Bakar alisema. "Nna miaka sita." Akapangusa uso kwa mkono, na mkono ukabaki pale pale usoni. Silima alimwacha. Alikuwa amekwisha kuwahoji watu wengi, akajua kuwa huyu halii kwa ajili ya mti.

"Duni yu wapi?"

"Hatukufika huku," Bakar alisema nyuma ya mkono. "Tulikuwa nje ya mlango wa Fundo. Pale ulipotapika. Pale chini hakuna mwisho, bwana. Maji tu."

Suud alitoa daftari. Silima akamwashiria asubiri.

"Sema tangu mwanzo."

"Mgeni kanasa nduwaro saa tano. Mkubwa, mie sijapata kumwona mkubwa kama yule. Kapigana naye mpaka adhuhuri imetoka. Samaki kachoka, kaja ubavuni. Waya ukatokea. Ile glovu ya kulia ilikuwa ishachanika, inamsumbua, Duni kaivua kaitupa sandukuni. Kaukamata waya. Kazi yenyewe unazungusha mara moja mkononi. Ukitaka kuachia, unafungua vidole, waya unakwenda. Siku ile kazungusha mara mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mkono ulikuwa mtupu, waya unateleza. Kwa sababu samaki mkubwa. Sijui. Nami nilimwona, nikafungua mdomo nimwambie, Duni, moja!" Bakar alinyoosha kidole kimoja, akakitazama. "Samaki kapiga mbizi. Hakupiga kelele hata kidogo. Alikuwapo, halafu hayupo. Mshipi ukatoka wote kwenye gurudumu lake, ukakatika. Tulizunguka mpaka jua linakuchwa. Mzungu alilia, usidhani hakulia. Kavua viatu anataka kujitosa, nikamshika."

"Basi hii ni ajali," Silima alisema. "Hakuna aliyeua mtu. Kwa nini usiseme?"

"Mama mdogo alikuwa gatini."

"Bi Siti, mamaake Duni?"

"Kazaa wanaume watatu, bwana. Wawili bahari ishawachukua, mmoja Kokota, mmoja hatukujua wapi. Duni alipotaka kazi kwangu, alinijia nyumbani akanishika kanzu hapa. Kanambia, Bakar, huyu ndiye wa mwisho, utanirejeshea? Nikaapa. Na jioni ile tunaingia, yeye kakaa pale juu ya marundo ya kamba, kama kila tunaporudi. Nafunga boti, kaniuliza, mwanangu yu wapi? Nikafungua mdomo, na ulimi wangu wenyewe ukasema, kenda Tanga."

"Naye?"

"Kasema alhamdulillahi." Bakar aliinua macho. "Kasema, Tanga nchi kavu, huko hatakufa maji. Alhamdulillahi. Baada ya alhamdulillahi ile, weye ungesema nini, bwana?"

"Na mgeni?" Silima aliuliza.

"Mgeni nikamweleza kwa Kiingereza changu hiki. Alimwona bibi mwenyewe. Kasema sawa, kaandika. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho nikamkuta anaimba. Kesho kutwa nikamkuta anachagua mchele wa kumpelekea. Kila siku inayopita, naona tabu zaidi."

"Na Mwatum?"

Bakar alitazama maji.

"Nakuuliza juu ya Mwatum. Mke wa Duni. Siku kumi na sita anaambiwa na mji mzima kwamba mumewe kamkimbia. Mkwewe hamsemeshi. Kadhi hajui amwite nani. Huyo ulimfikiria?"

"Sikumfikiria," Bakar alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi sikumfikiria."

Silima alikasirika, na hasira ilimsaidia kwa sababu ilimwondolea kichefuchefu. "Kutoa maelezo ya uongo kwa polisi ni kosa. Utashitakiwa. Lakini kabla ya hapo utakwenda kuwaambia wote wawili, kwa mdomo wako huohuo. Suud, sasa andika."

Suud aliandika. Kalamu yake ilikuwa ikisimama kila mara, maana mwandishi naye alikuwa akipangusa macho.

Walifika Wete baada ya alasiri. Nyumba ya Bi Siti ilikuwa nyuma ya soko, ya udongo na makuti, ua wake umefagiliwa. Bi Siti alikuwa amekaa juu ya mkeka na ungo mapajani, anachekecha unga wa mchele. Alikuwa kikongwe mdogo, mwepesi, mwenye meno mazuri bado.

"Assalaam alaykum, Bi Siti."

"Waalaykum salaam. Karibuni wanangu, karibuni. Bakar, mbona umechoka hivyo? Nafanya vileja vya nduguyo. Jahazi la Tanga limeingia leo asubuhi, na kesho linarudi. Vitachukulika?"

Hapo mlango wa upande ukafunguka na Mwatum akatoka. Silima nusura asimtambue. Alikuwa amevaa kanga mpya, mikono ina hina na bangili, na kifuani amebandika kikuba cha asumini. Jahazi la Tanga limeingia leo asubuhi. Yeye pia alikuwa amesikia.

Alipowaona askari, alisimama palepale.

Bakar alipiga magoti mbele ya ungo. Alitaka kuanza kwa bismillahi, haikutoka. Akasema tu, "Mama, Duni hakwenda Tanga. Duni kafa. Samaki kamchukua na waya, mbele ya macho yangu. Nilikudanganya."

Bi Siti aliendelea kuchekecha. Ungo ulikwenda kulia, ukaja kushoto, mara tatu, mara nne, na unga ukaanguka laini juu ya sinia. Kisha mikono yake ikasimama, naye akabaki anaitazama kama si yake.

"Lini?"

Aliyeuliza alikuwa Mwatum.

"Jumanne ile," Bakar alisema bila kumtazama. "Adhuhuri ishatoka."

"Jumanne ile ile aliyotoka kwangu asubuhi?"

"Ile ile."

"Hakupanda jahazi."

"Halikuwapo jahazi, Mwatum. La uongo."

"Basi hakuniacha," Mwatum alisema.

Alilisema kwa sauti, na uso wake ukafunguka wote kwa furaha, furaha kabisa, kama mtu aliyeletewa habari njema mlangoni. Wote waliuona. Halafu na yeye akajisikia alichosema. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akauegemea mlango.

Silima alitazama chini. Katika miaka kumi na moja ya kazi alikuwa amepeleka habari za vifo nyingi, na hii ilikuwa ya kwanza kumfanya atamani angeshindwa kazi yake.

Bi Siti aliweka ungo chini. Aliinuka kwa kushika bega la Bakar, bila kumwambia neno, akavuka ua. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga. Alikibandua kikuba kutoka kifuani mwa mkwewe. Akazivua bangili, moja moja, mkono wa kulia kisha wa kushoto, na kila aliposhika pakabaki alama nyeupe juu ya hina. Akaushusha ushungi wa kanga mpaka ukafunika paji la uso.

"Njoo ndani, mwanangu," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mkwewe tangu siku ile. Mwatum alimfuata hatua mbili, akasimama kizingitini, akageuka.

"Eda yangu nianze leo kuihesabu?"

Silima alitaka kusema kwamba kadhi ndiye atakayemwelekeza, lakini Bi Siti alimtangulia.

"Si leo. Siku zinahesabiwa tangu kufa, si tangu kuambiwa. Ishaanza Jumanne ile."

"Basi kumi na sita zishapita."

"Zishapita, mwanangu."

Mwatum alizihesabu juu ya vidole vyake vyenye hina, polepole, mpaka mwisho.

"Na zote kumi na sita," alisema, "nilikuwa namlaani."

Bi Siti alimshika mkono akamwingiza ndani, akarudisha mlango.